Kiwelisi Nilichojifunzia Al Warqa

Mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikiongea Kiwelisi nilitamani kuitumbukiza simu kwenye mashine ya kufulia. Nilikuwa nimejifungia chumba cha kufulia nguo, katika villa moja huko Al Warqa, Dubai, na mzee niliyekuwa namhudumia alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Nilirekodi sentensi chache tu. Bore da, yaani habari za asubuhi. Mimi ni fulani. Ninatoka Kenya. Ninapenda chai. Kisha nikabonyeza nisikilize.

Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna. Nilisikia mate yangu. Nilisikia ulimi ukibanduka kwenye ufizi. Kuna herufi yao moja ya L mbili, ambayo unaweka ulimi kana kwamba unataka kusema "la", halafu unapuliza hewa pembeni mwa meno. Pale nilisikika kama paka anayemtisha paka mwenzake. Nilifuta, nikajifuta mdomo kwa mkono, nikarekodi tena. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Niliituma hivyo hivyo, maana mzee alikuwa ameshaanza kukohoa.

Nilikuwa nikijifunza kupitia kundi la mtandaoni. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, aliyeishi huko Welisi kwenyewe, ile nchi ndogo jirani na Uingereza, na kufundisha bure kwa mapenzi ya lugha yake. Kila wiki alitupa kazi ya kuongea, akiiita changamoto: jitambulishe, eleza ulichokula, sema dakika moja bila kuchanganya Kiingereza. Kila mwanafunzi alijirekodi na kuituma sauti yake kwenye kundi, na wengine wakamsikiliza na kumwandikia neno la kumtia moyo. Wanafunzi walikuwa watu wa kila mahali. Mwafrika nadhani nilikuwa peke yangu.

Sababu ya kuingia humo ilikuwa huyo mzee. Alikuwa baba yake madam, mwajiri wangu. Mkewe alipofariki, madam alimleta Dubai, na muda si mrefu akapata kiharusi kilichomlegeza upande mmoja na kumvuruga akili. Nilipoajiriwa, madam alinikalisha jikoni akanieleza hali.

"Kiingereza kimemtoka kabisa," alisema. "Daktari anasema amerudi kwenye lugha ya utotoni. Wewe mwonyeshe tu kwa mikono, atakuelewa."

"Na wewe unamwelewa, madam?"

"Mimi nimekua nikisikia Kiwelisi nyumbani. Namwelewa vizuri."

Aliniambia pia kwamba baba yake alikuwa mnadi wa ng'ombe, mtu wa kusimama juu ya jukwaa mnadani na kutaja bei mpaka sauti ikakauka. Hilo lilinifurahisha. Mimi ni wa upande wa Kitale, nimekua nikikamua kabla ya kwenda shule. Nilijiona nimepata mzee wa kwetu, ingawa ni mzungu. Madam alisema nimwite Taid, ndiyo babu kwa watu wa kaskazini mwa nchi yao, na nikamwita hivyo kwa moyo mweupe.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusimulia mezani. Nilimbadilisha nepi, nikamsafisha, nikamgeuza ili mgongo usichubuke. Nilitoa meno yake bandia asubuhi, nikayasugua yale mabaki yaliyonata kama ugali uliolala. Alikuwa na tabia ya kutema. Ukimpa uji usio moto sana anautema, ukimpa wa moto anautema, na shabaha yake ilikuwa kifua changu. Nimesomea kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo vitu vya mwilini sivichukii. Vinanuka, unaosha, khalas, yamekwisha. Wakati ule nilidhani kinyaa ninakijua, na kwamba dawa yake ni sabuni.

Kila asubuhi, nikishafungua mapazia, mzee alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kisha akanipigapiga mkono na kusema maneno yale yale. Yalikuwa na wimbo fulani ndani yake. Madam, aliyekuwa akipita kumwamkia baba yake kabla ya kwenda kazini, aliyasikia karibu kila siku, na kila alipoyasikia alicheka.

Siku moja nilimuuliza, "Madam, Taid husema nini?"

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. "Anakusifu. Anasema leo umependeza."

"Kila siku?"

"Amekupenda," alisema, akachukua mkoba wake, akatoka akiwa bado anacheka.

Ni hayo yaliyonifanya nitafute mahali pa kujifunza. Nilifikiri mtu aliyepoteza lugha zote akabaki na moja, na bado anaitumia hiyo moja kumsifu mtumishi anayemfuta matapishi, huyo anastahili kujibiwa. Sikumwambia madam. Niliona haya, kwanza kwa ile sauti yangu, pili nilitaka siku moja nimshangaze, niseme sentensi ndefu mbele yake bila kukwama.

Nilianza kuipenda lugha yenyewe. Ina jambo moja ambalo sisi tunaosema wimbo nyimbo, ulimi ndimi, hatupaswi kulishangaa: maneno yake hubadilika kichwani, kwenye herufi ya kwanza. Hata Kenya haibaki kama ilivyo. Yenyewe ni Cenia, lakini ukisema unatoka huko inakuwa Genia. Wanafunzi wengine walilalamika sana. Mimi niliona kama wameanzisha ngeli zao bila kutuuliza. Lakini kwa mwanafunzi mchanga jambo hilo lina hatari yake, maana neno likishabadilika kichwa hulioni tena kwenye kamusi, hata kama liko hapo linakutazama.

Ndivyo ilivyokuwa na maneno ya mzee. Katika sentensi yake yote nilitambua neno moja la mwisho, heddiw, "leo". Madam alisema leo umependeza, na "leo" nikaikuta. Nikaridhika.

Halafu ikaja changamoto ya kurekodi jambo zuri ulilosikia kutoka kwa mtu wiki hiyo. Niliposoma nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kufulia. Ya kwangu ilikuwa tayari. Nilijizoeza huku nikikunja mashuka. Mzee alipolala nilifunga mlango, nikarekodi kwa Kiwelisi changu cha kuokoteza: ninafanya kazi Dubai na babu mmoja. Yeye ni mgonjwa. Kila asubuhi ananisifu. Anasema, "Mae'r hen fuwch ddu yn drewi heddiw." Ninafurahi sana.

Niliyatamka maneno yake kwa uangalifu kuliko yangu. Hata alivyolivuta lile neno la mwisho nilimwigiza. Nilisikiliza, na kwa mara ya kwanza sauti yangu haikunichukiza, nikaituma.

Jioni hiyo kundi lilijaa emoji za kucheka, zile zinazotoa machozi. Mmoja aliandika kwamba hiyo ndiyo rekodi bora ya mwaka. Mwingine aliuliza kama babu huyo anakodishwa, ili akamsifu mama mkwe wake vivyo hivyo. Sikuelewa utani, lakini niliona watu wamefurahi, na mimi nikawajibu kwa adabu. Niliandika "diolch yn fawr", ahsanteni sana. Nikikumbuka hiyo ahsante hadi leo natamani kujikuna ngozi.

Kesho yake mchana mwalimu alinitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu, kwa Kiingereza. Aliongea taratibu.

"Mpenzi wangu, nimeiondoa rekodi yako kwenye kundi. Si kosa lako, matamshi yako ni mazuri sana. Nataka kujua tu, ni nani aliyekuambia maana ya maneno hayo?"

Nilimjibu kwamba ni mwajiri wangu, binti wa huyo mzee. Ujumbe wake wa pili ulikawia.

"Huyo amekudanganya," alisema. "Sentensi hiyo maana yake ni hii: 'Ng'ombe jike mweusi mzee ananuka leo.' Kunuka kwa kuvunda. Nasikitika mno kwamba mimi ndiye ninayekuambia."

Nilikuwa nimesimama na nepi chafu ya mzee mkononi, kwenye mfuko. Niliishika tu. Nilirudisha ujumbe nikausikiliza tena, kana kwamba mara ya pili ungesema jambo lingine. Buwch, ng'ombe, nilikuwa nimejifunza mwanzoni kabisa pamoja na paka na mbwa. Lakini mzee alisema fuwch. Neno lilikuwa limebadilika kichwa likanipita kila asubuhi.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mapazia kama kawaida. Mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Sasa niliona kwamba macho yale hayakuwa yananisalimu. Yalisimama kwenye nyonga, yakapita kwenye miguu, yakarudi kifuani. Nimeyaona macho hayo mnadani kwetu, wanunuzi wakimzunguka mtamba. Akanipigapiga mkono, na kumbe ndivyo mtu anavyompigapiga mnyama ili asiruke. Akasema maneno yake.

Na mlangoni madam akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichonipandisha kichefuchefu. Niliweka beseni chini, nikapita karibu naye, nikaingia chooni, nikatapika chai yote. Niliporudi aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, madam. Alisema ninawe mikono vizuri kabla ya kumgusa baba yake.

Siku zile nilikuwa na rafiki, mwanamke wa Mombasa aliyelea watoto villa ya pili kutoka kwetu. Tulikutana kwenye kile kiduka cha mtaani tunachokiita bakala, yeye ametumwa maziwa, mimi mkate. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama kivulini pembeni ya friji ya barafu. Alinisikiliza huku ameshika mdomo.

"Shoga yangu," alisema, "yule mzee mgonjwa. Mgonjwa wa akili huwezi kumshika maneno. Mwaka jana nilikuwa na bibi kizee wa Kiarabu akiniita mwizi toka asubuhi hadi Isha, kisha analia nikitoka."

"Sawa, dada. Na binti yake je? Naye ni mgonjwa?"

Alipanga maziwa upya kwenye mfuko.

"Huyo," alisema mwishowe, "huyo hana maradhi."

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, na lilichafua kila nilichogusa. Nilianza kunusa nguo zangu. Mimi, ninayeoga asubuhi na jioni, nilijikuta nimefunga mlango wa chumba changu, nainua kwapa, nanusa. Nilibadilisha sabuni. Nilijisugua shingo mpaka ikawasha. Nilijua ni upuuzi na bado nilifanya, na huo upuuzi wangu ukanitia kinyaa kuliko maneno ya mzee. Watu wale wawili walikuwa wamenitia pua ambayo si yangu.

Ijumaa moja sir, mume wa madam, alikuwa ametoka, na madam alikuwa amekaa sebuleni na kahawa yake. Nilimwendea, nikasimama.

"Madam, nimejua maana ya maneno ya Taid."

"Maneno gani?"

Nikayasema. Niliyasema kama mzee anavyoyasema, na heddiw nikaivuta. Kikombe chake kilikaa hewani kidogo, kisha kikashuka. Shingo ilimwiva kwanza, ndipo uso.

"Nani amekufundisha?"

"Ninajifunza. Nina mwalimu."

"Unajifunza Kiwelisi?" Aliuliza kwa namna ambayo mtu huuliza kama umefungua droo yake ya nguo za ndani. "Tangu lini? Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia ananisifu."

"Nilitaka ujisikie vizuri. Ningekuambia nini? Baba hajui anachosema. Maisha yake yote amekaa na ng'ombe, kila mtu kwake ni ng'ombe. Hata mama yangu, baba alikuwa akimwita hivyo."

"Lakini wewe unajua anachosema, madam. Na ulikuwa ukicheka."

Alisema jambo ambalo nimelibeba hadi leo: "Sasa ulikuwa huelewi. Mtu haumii na kitu asichokielewa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeniomba nikubali kwamba hesabu yake iko sawa.

Nikarudi kwa mzee, maana saa ya dawa ilikuwa imefika.

Kesho yake nilikuta kitandani kwangu kifuko kizuri cha karatasi chenye utepe. Ndani mlikuwa na chupa ya manukato ya udi, ya bei ghali, na kadi aliyoandika kwamba anashukuru kwa yote ninayomfanyia baba yake. Nilikaa kando ya kitanda nikaitazama chupa ile. Ninaamini kabisa hakuwa na nia mbaya. Ninaamini alikwenda dukani akiwa na huzuni ya kweli, akachagua, akanusa moja baada ya nyingine, na hakuna mahali njiani alipofikiri kwamba mwanamke aliyeambiwa kila asubuhi kwamba ananuka hapelekewi manukato. Sikuifungua. Niliirudisha kwenye meza yake ya korido pamoja na utepe wake. Hakuiulizia, nami sikuieleza. Ilikaa pale siku nyingi, na kila nikipita nilishika pumzi.

Kwa mzee sikujua nifanye nini. Kumwosha niliendelea, na niliosha vizuri. Lakini mkono wangu ulikuwa umebadilika. Zamani nilimgusa kama unavyomgusa babu, sasa nilimgusa kwa glavu hata pale ambapo glavu haihitajiki. Sikumwita tena Taid. Na maneno yake niliyasikia yote sasa, moja moja, maana mwalimu, kwa huruma yake, alikuwa akinitafsiria kila nilichomwandikia. Hakuwa na sentensi moja tu. Alikuwa nazo za matiti, za meno, za nani atanichukua kwa bei hiyo. Mwishowe nilimwomba mwalimu aache. Alisema hata yeye alikuwa akiosha mikono kila akimaliza kunijibu.

Asubuhi ambayo nilimjibu mzee sikuwa nimepanga. Nilifungua mapazia. Akanipima kwa macho, akanipigapiga mkono, akasema. Madam alikuwa ameshaondoka. Mimi nikainama mpaka nyuso zetu zikawa karibu, nikasema kwa Kiwelisi, bila kukwama, "Dw i'n deall. Dw i'n eich deall chi." Ninaelewa. Ninakuelewa.

Mkono wake ulisimama juu ya wangu. Alinitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Yale macho yalikuwa mepesi, ya buluu iliyopauka, na hayakuwa na ukungu hata kidogo. Akauondoa mkono. Akageuza uso ukutani.

Kisha akasema kwa Kiingereza safi, cha mtu aliyezoea kuagiza, "Chai, tafadhali."

Nilikuwa nimemlisha mtu huyo kwa ishara za mikono, nimejifanya kuku na samaki mbele yake ili achague chakula. Nilikwenda jikoni nikachemsha maji. Nilimletea chai, akainywa yote bila kutema tone.

Sijui maana ya jambo lile. Rafiki yangu wa Mombasa alisema ubongo ukishapigwa hurudisha kitu na kukichukua, haimaanishi alikuwa akificha. Mwalimu alisema amewahi kusikia hivyo pia. Huenda. Mimi nilikuwepo nikayaona yale macho, na sikutaka tena kuwa kwenye chumba kimoja nayo.

Nilimwambia madam kwamba ninaondoka. Hakubisha. Alisema tu kwamba itakuwa vigumu kumpata mwingine ambaye baba atamzoea, na alisema "atamzoea" bila kupepesa macho. Sir alishughulikia viza yangu kwa haraka na heshima, hakuuliza lolote, na nadhani hakuuliza kwa sababu alijua. Waliyemchukua baada yangu alikuwa dada wa Uganda. Siku aliyokuja nilimwonyesha dawa, mashine ya kumnyanyulia mzee, namna ya kumgeuza. Madam alikuwa amesimama nasi muda wote. Alipokwenda kupokea simu nilimwambia yule dada kwa Kiswahili, haraka, "Asubuhi atakusemesha. Ukiambiwa anakusifu, usikubali." Alinitazama kwa mashaka. Huenda alidhani nina kinyongo cha kuacha kazi. Nilimwandikia namba yangu, lakini hajawahi kunipigia.

Sasa nafanya kazi katika hoteli moja Dubai Marina, idara ya usafi wa vyumba. Vitanda na mashuka havina la kuniambia. Nalala kwenye chumba cha wasichana wa kazini, tunapika pamoja, tunaongea Kiswahili cha nchi tatu na kugombana kuhusu chumvi.

Mwalimu bado huniandikia. Alisema nirudi kundini, kwamba lugha haina kosa, kwamba nilikuwa na sikio zuri. Najua lugha haina kosa. Wale waliocheka waliniandikia kuomba radhi, karibu wote, na nimewasamehe kadiri ninavyoweza kuwasamehe watu ambao sijawahi kuwaona. Kwa ajili yake nilijaribu. Siku moja ya mapumziko nilikwenda kukaa kwenye benchi kando ya maji, watalii wakipita na ice cream zao, nikavaa visikizi vya simu, nikafungua changamoto ya wiki hiyo. Ilikuwa kuelezea chumba chako. Rahisi kabisa, maneno yote ninayo. Nilianza: nina dirisha, nina kitanda. Nilipofika kwenye lile neno lao la leo, heddiw, mate yalijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika. Nilisubiri yapite. Nilimeza, nikajaribu tena, na tena yakajaa.

Nikamwandikia mwalimu kwa Kiingereza kwamba kichwa changu kinataka lakini mwili unakataa. Alijibu kwamba anaelewa, na kwamba hataniondoa kundini mpaka nitakaposema mwenyewe. Sijasema. Kila wiki changamoto inaingia kwenye simu, naisoma hadi mwisho, halafu naiweka simu kifudifudi na kuendelea na kazi yangu.